Mkaaji wa Kitengela Atoe Maoni Wapi? Umma na Mipango ya Usafiri ya Nairobi na Majirani Zake

Mtu anayelala Kitengela na kufanya kazi Industrial Area huvuka kaunti tatu kabla hata hajanywa chai ya saa nne. Anapanda matatu Kajiado, anapita Athi River na Mlolongo, ambako ni Machakos, kisha anashuka Nairobi. Jioni anairudia safari ileile. Foleni inayomchelewesha haiko kwao, wala steji anayosimama akinyeshewa haiko kwao. Hata hivyo, ukitoka mwaliko wa kutoa maoni kuhusu maendeleo, unatoka kwa serikali ya kaunti anamolala, na mkutano unawekwa siku ya kazi, asubuhi, wakati yeye yuko kiwandani.

Haki ya kusikilizwa anayo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaiweka wazi: kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, vifungu vya 118 na 196 vinalitaka Bunge na mabunge ya kaunti kuwashirikisha watu katika kazi zao, na kifungu cha 201 kinalitia jambo hilohilo kwenye fedha za umma. Shida ni nani anaulizwa, na anaulizwa lini. Hilo la pili, kwa maoni yangu, ndilo linaloharibu mambo zaidi.

Barabara ni ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Serikali ya kitaifa inashika barabara kuu, reli, viwanja vya ndege na sheria za barabarani. Kaunti zinashika barabara zao, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani na feri. Ukisoma hivyo unaelewa. Ukienda kusimama kando ya barabara yenyewe unapotea. Mombasa Road iko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), barabara nyingi kubwa za ndani ya jiji ziko chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), zile za kitaifa za mashambani ni za KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini), na ile ya vumbi inayofika mlangoni kwako ni ya kaunti. Matatu inapata leseni NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, lakini inapaki stejini kwa idhini ya kaunti. Treni ni ya Kenya Railways. Mtaro mmoja ulioziba unaweza kuzungushwa ofisi tatu, na kila ofisi ikakuambia, bila kudanganya, kwamba mtaro huo si wake.

Mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji Kuu la Nairobi, NaMATA, ili kuuondoa mkanganyiko huo. Eneo lake ni kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kazi yake kubwa ni kupanga mabasi ya mwendo wa haraka, yale ambayo Dar es Salaam wameyazoea kwa jina la mwendokasi. Njia tano zilichorwa na kupewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Ndovu ilichorwa kutoka Limuru hadi Kitengela, Simba kutoka Rongai hadi Kenol. Aliyechora ramani ile alizielewa safari za watu, maana njia zake hazikomi kwenye mpaka wa kaunti.

Lakini NaMATA haina wadi. Hakuna mwakilishi ambaye abiria anaweza kumnyima kura kwa sababu Ndovu haijafika Kitengela. Mwakilishi wadi wa Kitengela anaulizwa kuhusu maji na taka, na akiulizwa kuhusu foleni ya Mlolongo atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba Mlolongo si kwake. Mipango ya eneo zima ina pengo hili karibu kila mahali duniani: anayepanga anatazama eneo zima, anayechaguliwa anatazama kipande chake, na abiria anabaki katikati.

Mwaka 2018 wakazi wa Thika Road waliamka wakakuta mistari myekundu imepakwa barabarani kutenga njia ya mabasi hayo. Mabasi hayakuja, na rangi ikaendelea kukanyagwa na matatu mpaka ikafifia. Madereva na makanga walikuwa wa kwanza kucheka. Hao hao ndio wangeweza kueleza mapema magari hujaa wapi, hushusha wapi, na abiria wa Githurai hufanya nini njia ya pembeni ikizibwa.

Uamuzi wenyewe hupita lini

Barabara haizaliwi siku ya baraza. Huanza kama wazo kwenye mpango mkuu au ruwaza ya taifa, kisha inaingia kwenye mpango wa miaka mitano, wa kitaifa au wa kaunti (ule unaoitwa CIDP). Baadaye unafanyika upembuzi yakinifu, zinatafutwa pesa au mkopo, mstari unachorwa, mkandarasi anajulikana. Tathmini ya athari za mazingira inakuja hapo, halafu utwaaji wa ardhi, halafu tingatinga.

Katika kila hatua, sauti yako inaweza kubadilisha kitu tofauti. Kwenye mpango mkuu unaweza kuuliza kama barabara inahitajika kweli, au pesa zile zingefaa reli ya abiria. Kwenye upembuzi unaweza kubishia mahali itakapopita. Ikifika tathmini ya mazingira, mara nyingi kinachobaki ni namna ya kupunguza madhara. Ikifika ardhi, kinabaki kiasi cha fidia. Ukichelewa kuliko hapo, unalalamika tu.

Sasa tazama sheria ilikoweka uzito wake. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zilimtaka mwenye mradi abandike mabango, atangaze magazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka Tume ya Taifa ya Ardhi isubiri angalau siku 30 baada ya kutangaza nia ya kutwaa ardhi ndipo ifanye kikao cha kuwasikiliza wenye ardhi, na tarehe ya kikao itangazwe siku 15 kabla. Ni kinga nzuri, na zimewaokoa wengi. Lakini zote zinaanza kufanya kazi mstari ukiwa umekwisha kuchorwa. Hatua za mwanzo, ambazo ndizo zinazoamua, zina maneno mapana tu: wananchi washirikishwe.

Ndiyo maana mikutano ya barabara hufanana. Watu husimama wakazungumzia vumbi, kazi kwa vijana wa hapa, daraja la watoto la kuvukia kwenda shule, na fidia ya migomba. Si mambo madogo. Ila maofisa husikia hayo na kuondoka wakidhani mwananchi hana la kusema kuhusu mradi wenyewe, kumbe hakuulizwa. Takriban watu wanne kati ya kumi jijini Nairobi husafiri kwa miguu. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli. Tembea kutoka Kibera hadi Industrial Area uone sera hiyo imefika wapi. Swali la mtembea kwa miguu lingeulizwa kwenye mpango mkuu, lingepata barabara ya sura nyingine. Likiulizwa kwenye baraza la mwisho, linapata daraja moja la chuma.

Nairobi Expressway ni mfano ulio wazi. Ni kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya Kichina ya CRBC kwa mkataba unaoiwezesha kampuni kutoza ada kwa miaka 27. Mwaka 2019 ilipojulikana kwamba ingekata kipande cha Uhuru Park, kelele zilikuwa kubwa. Hilo lilitarajiwa: bustani hiyo ndiyo Wangari Maathai aliyoipigania mwaka 1989 lilipotaka kujengwa jumba la ghorofa 60. Serikali ikasema bustani haitaguswa. Novemba 2020 zamu ilikuwa ya mti mkongwe wa mugumo wa Waiyaki Way, nao ukaokolewa kwa amri ya rais na barabara ikaupisha. Watu walisherehekea, na walikuwa na sababu. Lakini angalia walichoshinda: pembe ya bustani na mti mmoja. Kama jiji lilihitaji barabara ya kulipia juu ya barabara ya bure, na kama matatu zingepata nafasi yoyote ndani yake, hayo hayakuwa mezani wakati umma ulipoanza kusikika.

Karatasi ya mahudhurio

Ukiuliza ofisi kama umma ulishirikishwa, mara nyingi utaoneshwa karatasi yenye majina, namba za simu na sahihi, pamoja na picha za watu wameketi chini ya hema. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu walikuja. Haithibitishi kwamba walikuwa wamesoma chochote kabla ya kuja, wala kwamba walichosema kilibadilisha sentensi moja kwenye ripoti. Ripoti zenyewe huwa na mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha wahandisi, na huwekwa ofisini ambako mtu atalipa nauli kwenda kuzisomea.

Mahakama za Kenya zimelizungumzia jambo hili kwa ukali kuliko wanasiasa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu. Jaji Odunga akasema kushirikisha umma kuwe kwa kweli, kusiwe utaratibu wa kutimiza tu, na mabunge ya kaunti yatumie kila jukwaa: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za mama. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, iliorodhesha vipimo ambavyo sasa hutajwa katika karibu kila kesi ya aina hii: jambo lielezwe waziwazi, utaratibu uwe rahisi, kila upande upate nafasi ya kuathiri uamuzi, na wananchi waelimishwe kwanza kabla ya kuulizwa. Mahakama pia zimekubali kwamba kushirikishwa si sawa na kupata unachotaka. Ofisi inaweza kukusikiliza ikaamua vingine. Haitakiwi tu kujifanya ilikusikiliza.

Kwa upande wa usafiri, kesi nzito kuliko zote imetoka Lamu. LAPSSET ni mpango wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuiunganisha Kenya na Ethiopia na Sudan Kusini. Bandari ilianza kuchimbwa kwenye maji ambayo wavuvi wa Lamu wamevua vizazi na vizazi. Aprili 2018 Mahakama Kuu ilisema tathmini ya kimkakati ya mazingira ya mpango mzima ilipaswa kufanywa kabla ya vipande vyake kujengwa, kwamba watu hawakupewa habari za kutosha, na kwamba kaunti yenyewe haikuhusishwa ipasavyo. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hoja ya tathmini ya mpango mzima inafaa kusomwa mara mbili, kwa sababu inalenga palepale penye ugonjwa. Mradi mkubwa ukikatwa vipande, kila kipande kikawa na baraza lake dogo, hakuna baraza hata moja linalouliza kuhusu mradi mzima.

Mombasa nako yalitokea. Mwaka 2019 agizo lilitolewa kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ipakiwe kwenye SGR, reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, na ikaguliwe kwenye bandari kavu ya Embakasi. Kwa karatasi, ni mabadiliko ya njia ya kontena. Kwa Mombasa, ilikuwa riziki ya madereva wa malori, mawakala wa forodha, wenye maghala ya makontena, mafundi wa magurudumu na akina mama wauza chakula wa njia yote ya Mariakani hadi Mtito Andei. Watu waliingia barabarani kila Jumatatu. Novemba 2020 majaji watano wa Mahakama Kuu mjini Mombasa walisema maagizo hayo yalikiuka Katiba kwa kutowashirikisha watu. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa. Wengi Pwani walifurahi. Mimi niliona pia kwamba agizo lililokuja bila kuuliza mtu liliondoka kwa mtindo uleule.

Pia kuna wakati ambapo mahakama haihitajiki, miguu inatosha. Tarehe 3 Desemba 2018 Gavana Mike Sonko alizuia matatu kuingia katikati ya jiji la Nairobi. Siku hiyo maelfu ya watu walishushwa pembezoni wakatembea hadi kazini, wakiwemo wajawazito, wazee na watu wenye magongo. Muda si mrefu marufuku ilisitishwa. Lengo la kupunguza msongamano halikuwa baya. Lakini yeyote aliyewahi kubeba gunia la viazi kutoka Muthurwa angemwambia gavana, bila ada ya ushauri, nini kingetokea.

Kabla ya kuuliza, jua watu wanapita wapi

Kwa miaka mingi Nairobi haikuwa na ramani ya matatu. Njia zilijulikana kwa namba na kwa vichwa vya makanga. Kuanzia 2012 watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na MIT na Chuo Kikuu cha Columbia vya Marekani, walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi vituo na njia. Ramani iliyotolewa mwaka 2014 ilikuwa na njia zaidi ya 130. Mradi huo, Digital Matatus, haukuwa kikao cha maoni, lakini naona uliwapa wananchi nguvu kuliko vikao vingi. Ghafla mtu angeweza kuonesha kwa kidole kwamba karibu njia zote zinaingia katikati ya jiji, na kwamba kutoka Kawangware kwenda Eastleigh lazima upitie Tao, yaani katikati ya jiji. Mabishano yakahama kutoka kwenye matatu kuwa kero hadi kwenye sura ya mtandao mzima.

Nauli ni eneo ambalo abiria wa Kenya hana hata baraza bovu la kulilalamikia. Tanzania, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hukusanya maoni ya wadau kabla ya kutangaza nauli mpya za mabasi, na utasikia wamiliki na abiria wakivutana hadharani. Nairobi nauli huamuliwa na sako (ushirika wa wenye matatu) na hali ya hewa. Mawingu yakitanda, hamsini inakuwa mia. Ada ya Expressway ina tangazo lake kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lakini mwaka 2024 gari dogo lilipopandishiwa ada ya safari nzima kutoka shilingi 360 hadi 500, hapakuwa na mengi ya kujadili. Mkataba wa miaka 27 ulikwisha kuamua hatari ya kushuka kwa shilingi inabebwa na nani.

Kwa anayetaka kufika kabla ya mstari kuchorwa, kalenda ya fedha ndiyo mlango. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa matumizi hufika kufikia 28 Februari, na sheria inaitaka hazina ya kaunti itafute maoni ya umma inapouandaa. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Watu wengi hujitokeza Mei, wakati wa mabishano ya makadirio, wakati vipaumbele vilifungwa Februari. Kwa taarifa za mradi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Ikikaa kimya, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman.

Kwa msafiri anayevuka kaunti, barua isiende kwao peke yake. Bunge la kaunti anamofanya kazi haliwezi kumfukuza kwa kuwa si mpiga kura wake. Katiba inasema umma, haikusema mkaazi. Chama cha wakazi cha Kitengela kinaweza kuandika Machakos kuhusu steji ya Mlolongo, Nairobi kuhusu njia ya miguu ya Enterprise Road, na KeNHA na NaMATA kuhusu njia ya mabasi. Ukurasa mmoja unatosha: mahali, saa ya msongamano, watu wangapi walihesabiwa, kinachoombwa, na kipengele cha mpango kinachotakiwa kubadilishwa. Itolewe nakala, na nakala igongwe muhuri wa ofisi iliyopokea pamoja na tarehe. Mbele ya jaji, tarehe ya muhuri huo ndiyo itakayoonesha kama maoni yalifika kabla ya mkataba kutiwa sahihi au baada yake.